Banda la Pumzi

Mtu mmoja, mshona maturubai, alikuwa na mke aliyemzidi macho. Mtu huyo aliitwa Lugembe, na mkewe Nkwimba, na walikaa katika nchi tambarare ya pamba na mtama, kule ambako kivuli ni kitu cha kuombana. Palipokuwa na harusi au msiba, watu walimwendea Lugembe, naye akaja na mkokoteni wake, vyuma, kamba na turubai, akawasimamishia kivuli. Kazi ilikuwa nzuri, ila vyuma vilikuwa vizito, na upepo wa tambarare hauna adabu. Mwaka mmoja, katikati ya harusi, upepo uliingia chini ya turubai ukaling'oa lote, na chuma kimoja kikamvunja bega mzee wa watu aliyekuwa anakula wali wake kwa amani. Tangu siku ile Lugembe hakuwa na raha. Alikuwa mtu wa kujilaumu kimyakimya, na hao ndio wanaoumia zaidi.

Basi akatamani kivuli kisicho na chuma. Kivuli chepesi, cha kubebwa nyuma ya baiskeli, ambacho hata kikianguka hakimuumizi mtoto. Aliwaza sana. Akachora chini kwa kijiti, akafuta kwa kisigino, akachora tena. Nkwimba alimwangalia tu akiuharibu uwanja alioufagia. Mvua za kwanza ziliponyesha akamshika mkono, akampeleka kwenye lambo, pale ng'ombe wanaponyweshwa, akamwonyesha tawi la mgunga lililoinamia maji.

Kwenye tawi palikuwa na vyura. Ndiyo, vyura, juu ya mti. Mnaotoka milimani mtaniona mwongo, lakini watu wa tambarare wanawajua: vyura wadogo wa rangi ya gome, ambao mvua ikianza hawatagi majini, wanapanda matawini. Jike hutoa ute, madume humzunguka, na wote wanaupiga ule ute kwa miguu ya nyuma, wanaupiga, wanaupiga, mpaka unaumuka povu jeupe linaloning'inia juu ya maji. Ndani ya povu hilo mayai yanalala. Jua linachoma, upepo unavuma, ng'ombe wanapita chini wakikohoa, na mle ndani mna unyevu na utulivu. Ni nyumba kamili, na sehemu yake kubwa ni hewa.

"Itazame vizuri," Nkwimba alimwambia. "Haina nguzo hata moja."

Walikaa pale alasiri yote. Ilikuwa ile saa ambayo mtu akikaa karibu na maji hajui kama anawaza au anaota. Lugembe aliliona povu likikua mbele ya macho yake, likafunika tawi, likafunika mti, likafunika lambo lote, na chini yake watu wamekaa na nguo zao za sikukuu, hawana haraka ya kwenda popote. Waliongea, lakini sauti zao zilimfikia kwa mbali sana. Alipozinduka alikuwa anatabasamu peke yake, na mkewe alikuwa anamtazama.

Kwanza alikosea. Alichukua nailoni nene nyeupe, ile ya kufunikia mazao, akaunganisha kingo zake kwa pasi ya mkaa iliyopitishwa juu ya kitambaa, akatengeneza mfuko mmoja mkubwa uliopinda wa kufunika uwanja. Akautia hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka mikono ikamfa ganzi. Ukasimama! Watu walipiga vigelegele, na Lugembe akatembea kifua mbele asubuhi nzima. Mchana, mwiba wa mgunga ulioletwa na upepo uliugusa kidogo tu. Basi ukaanza kupumua polepole, pwiii, ukawalalia wageni wote pamoja na bibi harusi. Hakuumia mtu. Lakini alichekwa huyo, alichekwa, na watoto wakawa wanamfuata njiani wamejaza mashavu.

Nkwimba naye alicheka, tusimpambe. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akamrudisha kwenye lambo, akabandua kipande cha povu kuukuu, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe. Lugembe akaona kwamba povu si pumzi moja. Ni pumzi nyingi ndogo ndogo, kila moja na ukuta wake. Nkwimba akatumbua moja kwa ukucha, na jirani zake hazikutikisika. Akamkumbusha pia kwamba hakuwa chura mmoja aliyelipiga lile povu. Lugembe akaona haya, na haya zile zilimfaa kuliko vigelegele.

Wakabuni banda upya, wakiwa wawili. Vifuko vingi, virefu na vifupi, vimelala ubavu kwa ubavu, vinapanda kutoka ardhini na kukutana juu kwenye kifuko kimoja cha mviringo kilichotoshana na ungo. Hicho cha juu ndicho vyote vilichokiegemea. Kila kifuko kilikuwa na kizibo chake. Na hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya watu wale: kila kaya iliyokuja kwenye shughuli ilijaza kifuko chake, kwa pampu mwenye pampu, kwa mdomo asiye nayo. Ulifika, ulisalimia, ulipuliza, ndipo ukatafuta pa kukaa. Hata mlevi wa kijiji alikuwa na chake, na hakikuwahi kukosa hewa. Mwiba ukitoboa kimoja, banda lilishuka kidogo upande ule, mwenyewe akaitwa, akaja na kiraka. Kifuko cha juu kilikuwa cha Nkwimba. Pampu ingekipasua, kwa hiyo alikijaza kwa mdomo, ameketi chini miguu ameinyoosha, macho ameyafumba.

Mimi siwezi kuwaeleza sawasawa mwanga uliokuwa chini ya banda lile. Ulikuwa mweupe na laini, haukutoka upande wowote. Watu waliingia wakigombana, wakajikuta wanashusha sauti bila kuambiwa. Vikongwe walisinzia na hakuna aliyewaamsha. Upepo ulipovuma, banda zima liliinuka kidogo na kushuka, na waliokuwa wamelala chini ya banda waliinuka na kushuka nalo ndani ya ndoto zao. Na shughuli ilipokwisha, kila kaya ilifungua kizibo chake. Hapo palisikika pumzi nyingi zikitoka kwa pamoja, banda likalala chini, likakunjwa, likafungwa nyuma ya baiskeli, watu wakaenda makwao.

Sasa sikilizeni. Nkwimba akaugua kifua. Wakati wa mavuno uwanja wao ulijaa ndugu waliokuja kushukuru, na banda lilitakiwa lisimame pale pale nyumbani. Wote walimsihi, mama, achia wengine. Akakataa. Akakaa chini na kile kifuko cha mviringo mapajani, akapuliza, akapumzika, akapuliza, akapumzika, asubuhi hata mchana. Lugembe alikaa karibu naye na hakujua aweke wapi mikono yake. Kifuko kilipojaa, Nkwimba akakifunga kizibo mwenyewe, akakaza, akasema sasa nitandikieni mkeka, nilale kidogo. Akalala chini ya banda, na kabla ya mavuno kwisha akafariki. Wakamlilia chini ya banda lile lile, kwa kuwa lilikuwa bado limesimama.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Mikeka ikakung'utwa, uwanja ukafagiwa, na watu wakasogea kila mmoja kwenye kizibo chake. Lugembe akasimama mlangoni pa banda, mikono ameitanua.

"Msiguse," alisema. "Pumzi yake imo humu."

Watu wakatazamana. Wakamwacha, wakisema kichinichini kwamba baada ya siku chache moyo utatulia. Haukutulia. Vifuko vya wengine vilipolegea, Lugembe alivijaza kwa pampu ili banda lisianguke. Cha Nkwimba hakukigusa. Kila alasiri alitandika mkeka, akalala chali, akakitazama kile kifuko cha juu. Alfajiri, baridi ilipopita, ndani ya nailoni palikuwa na matone madogo, unyevu wa kifua cha mkewe, uliojikusanya usiku na kutoweka kwa jua. Msinicheke nikisema alikuwa na furaha. Alizungumza na tone moja moja. Alilala, na katika usingizi Nkwimba alikuwa juu ya tawi anapigapiga kitu cheupe kwa mikono yake, anamwambia jambo, na yeye hasikii kwa sababu ya upepo. Aliamka akiwa amejaa amani, akasubiri alasiri nyingine.

Huku nyuma harusi ziliendelea, na misiba iliendelea, na watu walikaa juani. Vyuma vya zamani Lugembe alikwisha kuviuza. Bibi mmoja alizimia kwenye maziko ya mdogo wake, wakamfunika kwa kanga na kumpepea. Lugembe alisikia habari hiyo, akainamisha kichwa, akasema masikini. Kisha akarudi mkekani. Ndivyo tulivyo, ndugu zangu. Mtu anaweza kuwa mpole kabisa na akawaua watu kwa jua.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Kifuko kilikuwa kinalegea. Nailoni haizuii hewa daima. Inavuja pasipo tundu, pasipo sauti. Kila siku Lugembe alipanda juu ya kinu, akakibonyeza kwa kidole kimoja, na kila siku kidole kilizama zaidi. Kuongeza hewa yake hakuthubutu, maana angeichanganya na ya mkewe. Kukiacha, kinaisha. Alikuwa anaibiwa mchana kweupe na mwizi haonekani. Aliogopa woga ule wa mtoto aliyeachwa sokoni.

Mvua zikarudi. Siku moja miguu yake ilimpeleka kwenye lambo mwenyewe asijue kwa nini. Vyura walikuwa wamekwisha kumaliza kazi yao. Povu lilining'inia juu ya maji, limekauka nje, na chini yake palikuwa pamelegea. Akaona viluwiluwi vinachuruzika kutoka ndani, kimoja, kingine, vinadondoka majini na kuondoka bila kuangalia nyuma. Alingoja aone chura mmoja atakayerudi kulitazama lile povu tupu. Hakuja. Lugembe akaokota jiwe akalitupa, akalipasua povu, vumbi jeupe likapeperuka. Alikuwa amejifunza kwa vyura jinsi ya kusimamisha nyumba. Jinsi ya kuiachia hakutaka kufundishwa. Akarudi nyumbani na hasira yake.

Nkwimba alikuwa na mdogo wake, na huyo mdogo alikuwa na binti aliyeitwa Holo, aliyeolewa ng'ambo ya lambo. Msimu huo Holo alijifungua mtoto wa kike. Wakamtumia Lugembe ujumbe kuomba jina la marehemu, naye akalitoa kwa machozi ya shukrani, akatuma na kuku. Mtoto akaitwa Nkwimba. Desturi yao ilikuwa kwamba mtoto mchanga hukaa ndani mpaka siku ya kutolewa nje. Siku hiyo huinuliwa mlangoni pa baba yake, akaonyeshwa mwanga na watu wake, na watu wakakaa naye kutwa. Jua la nchi ile si la kichanga. Mume wa Holo akaja kwa adabu, akavua kofia, akaomba banda.

Lugembe akamwambia achukue mbuzi. Akamwambia achukue cherehani, achukue hata milango ya nyumba. Banda haliondoki. Kulikunja na kifuko kimejaa haiwezekani, na kulibeba limejaa katikati ya migunga ni kulipasua. Kijana wa watu akashukuru, akavaa kofia, akarudi alikotoka.

Kesho yake mchana, Lugembe akiwa mkekani, aliona kivuli cha mtu mlangoni pa banda. Alikuwa Holo. Alikuwa amekuja kwa miguu, njia nzima ya jua, na kifuani amembeba mtoto ambaye siku yake haikuwa imefika. Lugembe aliruka kutoka mkekani. Akashika kichwa. Mtoto hajatolewa nje! Hajaonyeshwa mtu! Uso wa mtoto ulikuwa mwekundu, na nywele zimelowa jasho.

"Mwanangu! Umemtoa mtoto juani namna hii? Nani kakuruhusu?"

Holo hakuketi. Alifunua kanga, akauelekeza uso wa mtoto kwake.

"Jina la mama mkubwa umempa, baba mkubwa," alisema. "Mbona pumzi yake unamnyima?"

Lugembe alisimama kati ya viwili: juu yake kifuko kinacholegea, mbele yake kifua kidogo kinachopanda na kushuka haraka haraka. Alitazama juu. Alitazama chini. Mtoto alipiga miayo, mdomo mzima, hana habari na mtu. Lugembe akakaa.

Kisha akaanza kufungua vizibo. Alifungua vya wengine vyote, kimoja kimoja, na banda likashuka juu yao polepole, mwanga mweupe ukawakaribia, mpaka kile kifuko cha mviringo kikatua mapajani mwake. Akakishika kwa mikono miwili, namna unavyokishika kichwa cha mgonjwa unayetaka kumnywesha uji. Akakaa hivyo kwa muda. Holo akaketi kando yake na mtoto. Lugembe akakilegeza kizibo, na kwa kusema kweli akaweka pua pale pale, akitaka aivute yote yeye. Alivuta mara moja. Ilinuka nailoni, na vumbi, na joto. Akavuta tena, akitafuta. Ndipo mtoto, kwa kusikia ule upepo shavuni, akageuza uso na kufungua mdomo, kama wafanyavyo wachanga wakidhani ni ziwa. Lugembe akasogea pembeni.

Pumzi ilitoka kidogo kidogo, ikapita usoni kwa mtoto, ikamkausha jasho, ikamtikisa nywele za utosini, ikaenda zake. Mtoto akatulia, akalala. Lugembe akabaki na kipande cha nailoni chenye unyevunyevu, na safari hii hakulia kimyakimya. Alilia kwa sauti, jirani wakasikia, wakaja, wakamkuta, wakakaa naye mpaka akamaliza. Kisha mmoja akaleta baiskeli.

Ng'ambo ya lambo, siku ya mtoto ilipofika, kila kaya ilijaza kifuko chake. Ikabaki kile cha juu. Watu wakaangalia chini, na wenye vifua vikubwa wakajitolea kwa heshima. Lugembe akawashukuru, akakichukua, akaketi miguu ameinyoosha. Hakuwa na pumzi ndefu. Alipuliza, akapumzika, akakohoa, akapuliza, na shughuli nzima ikamngoja. Mara mbili hewa ilimponyoka akaanza upya, na mlevi wa kijiji akamwambia ajikaze, mzee, bibi mkubwa alikuwa hafanyi mchezo. Watu wakacheka, Lugembe naye akacheka na hewa ikamtoka tena. Hatimaye kikajaa. Banda likasimama, jeupe, likainuka na kushuka kwa upepo, na Nkwimba mdogo akainuliwa mlangoni, akakunja uso kwa mwanga, akapiga chafya mbele ya watu wake wote.

Na jioni, kabla mtu yeyote hajagusa cha kwake, Lugembe alikuwa wa kwanza kufungua.

Basi niambieni, ninyi mnaolinda walichowaachia wapenzi wenu: ni mtoto wa nani anayechomwa na jua leo kwa sababu hamtaki kufungua kizibo?